Kumrudi Mkristo Mwenzako: Faragha, Mzee wa Kanisa, Simu au Fundisho la Wote?

Tuseme ni Alhamisi jioni, jumuiya imekutana uwanjani kwa mmoja wao huko Chamwino, Dodoma. Kijana anayeongoza neno amefungua Malaki 3:10, amesema vizuri juu ya zaka, kisha akaongeza la kwake: ukiona shamba la mtu limekauka, ujue mwenye shamba anamwibia Mungu. Kwenye mkeka wa mbele amekaa bibi ambaye uwele wake ulikauka Februari, na ambaye hajawahi kukosa kutoa zaka, hata mwaka aliovuna debe tatu. Bibi ameinama, anachezea pindo la kanga.

Kwamba kijana yule arudiwe, yaani aonywe na kurekebishwa, hilo halina ubishi. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na ikikatika katikati mashamba ya watoaji na ya wasiotoa hukauka pamoja. Ubishi ni nani amwambie, lini, na kwa njia gani. Njia ziko nne ambazo watu huzitumia kila siku: kumkalisha faraghani, kumpitia mzee wa kanisa, kumwandikia kwenye simu, na kufundisha wote bila kumtaja. Kila moja ina mahali pake, na kila moja ina namna yake ya kuharibu.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Kosa limesikiwa na wangapi? Jambo lililosemwa mbele ya watu ishirini haliponi lote sirini, maana wale ishirini wamekwenda nalo nyumbani. Na jambo linalojulikana na wawili halipaswi kupata masikio ya tatu bila sababu. Mathayo 18:15-17 inapanda ngazi: wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili zaidi, kisha kanisa. Wengi wetu huanzia ngazi ya tatu, tena kwa kisingizio cha maombi: "Wapendwa, tumwombee fulani, kuna mambo anapitia." Huko ni kusengenya kwa macho yaliyofumbwa.

Kosa ni la aina gani? 1 Wathesalonike 5:14 haiwapi watu wote dawa moja. Wasiokaa kwa utaratibu waonywe, waliovunjika moyo watiwe moyo, wanyonge washikwe mkono, na wote wavumiliwe. Kijana wetu wa Chamwino si mkaidi. Amesikia mahubiri ya namna hiyo kwenye simu, akayameza mazima. Asiyejua anahitaji kuelezwa. Ukimkemea unampa dozi ya ugonjwa asiougua.

Uzito kati yenu ukoje? 1 Timotheo 5:1 inasema mzee asikemewe, aonywe kama baba, na vijana kama ndugu. Anayeanza na "shikamoo" hawezi kumalizia na "umekosea" bila kuivunja ile shikamoo. Itabidi aulize, au amtafute mwingine wa kusema.

Swali la nne ndilo tunalolipa uzito kuliko yote: akisharudiwa, atasimama wapi? Wagalatia 6:1 inasema mtu aliyeghafilika "mrejezeni upya" kwa roho ya upole. Neno la Kigiriki lililotumika pale ndilo lililo katika Marko 1:19, Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Wavu hutengenezwa ili urudi majini. Njia yoyote inayomwacha mtu bila kazi, bila nafasi na bila uso mbele ya wenzake imeshona wavu na kuutundika ukutani.

Jambo moja halimo kabisa kwenye ulinganisho huu. Mtoto akiumizwa, mtu akipigwa au kubakwa, hilo si la kurudiana kwa upole jumuiyani. Ni la polisi, dawati la jinsia na watoto, au simu ya bure 116 kwa mambo ya watoto. Mzee wa kanisa anayesema "tulimalize kindugu" anamlinda mkosaji.

Njia ya kwanza: wawili peke yenu

*Inavyofanyika.* Chagua jambo moja tu. Ukiwa na matatu, mawili yasubiri mwezi mwingine. Nenda ndani ya siku tatu au nne, kabla habari haijazunguka, lakini usiende usiku uleule wakati damu bado inachemka. Omba muda mapema bila kutisha: "Nina neno la Alhamisi nataka tulitazame pamoja, kesho saa kumi una nafasi?" Usiseme "nataka tuongee, ni jambo zito," kwani hatalala. Nusu saa hadi dakika arobaini na tano zinatosha. Mahali pawe pa kuonekana ila pasiposikika: chini ya mti, barazani, njiani mkirudi. Usimfuate kwake mbele ya mke au watoto. Mwanaume akimrudi mwanamke, au kinyume chake, wakae barazani na mlango wazi.

Yanayosemwa yawe matatu: nilichosikia, Maandiko yasemavyo, na swali. Mzee mwenye kujua kazi hiyo huenda hivi:

"Mwanangu, Alhamisi nilikusikia ukisema shamba likikauka, mwenyewe anamwibia Mungu. Nilisikia vizuri?"

"Ndiyo, baba. Si ndivyo Malaki anavyosema?"

"Malaki anawaambia Israeli walete zaka kamili, na Mungu anaahidi baraka. Sasa nisaidie na Habakuki 3:17. Mizabibu haina matunda, shamba halitoi chakula, zizi halina ng'ombe, na nabii bado anamfurahia Bwana. Huyu naye alikuwa mwizi?"

Kijana anakaa kimya. Hapo ndipo pagumu. Wengi hukijaza kile kimya kwa maelezo ya dakika kumi, na mtu aliyekuwa anafikiri anaanza kujitetea. Mzee naye anyamaze. Hesabu hadi ishirini kimoyomoyo kama huwezi kuvumilia.

*Siri na nafasi ya kujieleza.* Hakuna njia inayoizidi hii kwa yote mawili. Anaweza kusema "sikusema hivyo", nawe ukagundua kwamba ulisikia nusu. Hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri.

*Panapoharibika.* Kwanza ni maombi yenye mwiba. Unafungua mazungumzo kwa "Bwana, mfungue macho ndugu yetu," naye kabla ya amina ameshajua amehukumiwa. Omba maombi mafupi ya hekima kwenu wote wawili, au uombe mwishoni. Pili ni sifa za kutanguliza: "Unafundisha vizuri sana, lakini..." Akiisikia "lakini" anafuta yote yaliyotangulia, na siku nyingine ukimsifu atasubiri pigo. Kama ana la kusifiwa, msifu siku yake. Tatu ni "watu wanasema". Mtu akisikia hivyo haulizi tena neno la Mungu linasemaje. Anauliza ni kina nani wanasema.

*Kinachobaki.* Ufuatiliaji ni wako peke yako, nao ndio husahaulika. Priskila na Akila walimsikia Apolo akifundisha sinagogini huko Efeso, naye alijua ubatizo wa Yohana tu. Wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Watu husoma hadi hapo wakafunga Biblia. Mstari wa 27 unasema alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kuwaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Alirekebishwa, kisha akapewa barua ya utambulisho.

*Inamfaa* aliyekosa kwa kutojua, rika lako au mdogo wako, na yeyote mnayekula naye sahani moja. Haimfai mtu unayemwogopa, wala mwenye mamlaka juu ya ajira yako.

Njia ya pili: kumpitia mzee wa kanisa au mwingine wa katikati

*Inavyofanyika.* Huyu wa katikati huitwa majina tofauti: mzee wa kanisa kwa Walutheri, katekista au mwenyekiti wa jumuiya kwa Wakatoliki, mwinjilisti au mama wa umoja kwa Waanglikana, na popote pale baba na mama wa ubatizo. Anayefaa ni yule ambaye mkosaji anamheshimu. Kwamba wewe unamheshimu haitoshi. Umpe maneno yaliyosemwa, siku na mahali, bila tafsiri yako. "Alisema shamba lililokauka ni la mwizi wa zaka" inatosha. "Amepotoka, anatafuta ukubwa" iache nyumbani. Mkubaliane pia kama jina lako litatajwa. Tunashauri litajwe, maana ujumbe usio na mwenyewe hugeuka kuwa "watu wanasema" kwa kinywa cha mzee.

*Siri na nafasi ya kujieleza.* Siri inapungua kwa mtu mmoja, na ukimchagua vibaya inakwisha kabisa. Kipimo chepesi ni hiki: kama mtu huyo amewahi kukueleza siri ya mwingine, na yako ataieleza. Nafasi ya kujieleza ipo, ila inapita mikono miwili, na kitu kinachopita mikono miwili hupungua ujazo.

*Panapoharibika.* Mzee anaitisha kikao. Ulitaka mmoja aende jioni kwa upole, kumbe Jumapili baada ya ibada wanaitwa watu saba, viti vimepangwa mduara na kijana katikati. Kabla hujamwachia jambo mzee, mwombe waziwazi: "Baba, tunaomba uende peke yako kwanza."

Kwa mtumishi aliye juu, kuna kanuni ya ziada katika 1 Timotheo 5:19: mashitaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Inamlinda mchungaji dhidi ya uzushi. Haikuandikwa ili asiguswe, kwa sababu mstari unaofuata unataka wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote.

*Kinachobaki.* Hapa njia hii inaipita ya kwanza. Mzee anaweza kumrudishia mtu nafasi: kumpa zamu nyingine ya neno, kukaa naye siku ya zamu hiyo. Makanisa yetu yana neno zuri, *kurudi kundini*, lakini limezoeleka kwa waliotengwa tu. Hata kosa dogo lina kurudi kwake kundini, na mara nyingi ni mzee mwenye ufunguo wa zizi.

*Inamfaa* mdogo anayetaka kumfikia mkubwa, mkwe na mkwe, mwanakwaya na mwalimu wake, na mtu aliyekwisha kuambiwa faraghani akapuuza.

Njia ya tatu: ujumbe wa simu

*Inavyofanyika.* Uandike kwake binafsi, kamwe si kwenye kundi. Uandike kwanza mahali pengine, ulale nao usiku mmoja, usome asubuhi kwa sauti kana kwamba umeandikiwa wewe. Usizidi mistari mitano. WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kuhariri ulichotuma, na skrinshoti haihitaji hata moja.

Tazama huu: "Bwana asifiwe. Kusema kweli juzi ulituangusha. Soma Biblia kabla ya kusimama mbele za watu. Ubarikiwe." Salamu ya Bwana mwanzoni na baraka mwishoni hazikuutoa sumu. Zimeufanya uchungu zaidi, maana mpigaji amevaa joho.

Na huu: "Shikamoo kaka. Nimekuwa nikiwaza neno la Alhamisi, hasa ule mfano wa shamba lililokauka. Niliposoma Habakuki 3:17-18 nikapata swali. Ukiwa umerudi Dodoma tukae tulitazame? Jumamosi nitakuwa nyumbani." Huu haujamrudi bado. Umefungua mlango tu, na ndiyo kazi ambayo simu inaiweza.

*Siri na nafasi ya kujieleza.* Siri yake ni ya kukopa, inategemea nia njema ya mpokeaji na ya kila anayeishika simu yake. Nafasi ya kujieleza ipo lakini haina uso: huoni kama amekunja uso au ametabasamu. Ujumbe wa sauti ni bora kidogo kwa sababu upole husikika, ila usizidi dakika moja, tena ujue anaweza kuufungua ndani ya daladala bila visikizio.

*Panapoharibika.* Alama mbili za buluu. Amesoma, hajajibu kwa siku mbili, nawe unatuma wa pili: "Naona umenyamaza." Sasa mna ugomvi mpya juu ya kunyamaza, na lile la Malaki limesahaulika. Subiri wiki, kisha piga simu ya salamu tu.

*Kinachobaki.* Maandishi hubaki, kwa heri na kwa shari. Paulo alimwandikia Filemoni waraka mfupi wa mistari 25 kwa sababu alikuwa kifungoni, asingeweza kwenda. Akaahidi kwa mkono wake kulipa deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni (mst. 19), na akaomba aandaliwe mahali pa kukaa (mst. 22), yaani anakuja. Maandishi yenye ahadi ya kukutana hujenga. Yanayotumwa ili msikutane ni ya kukimbia.

*Inamfaa* aliye mbali, mwanafunzi aliyerudi kwao likizo, mfanyakazi aliyehamishiwa mkoa mwingine, na mtu mwenye haya ambaye ukimkalisha atakubali kila kitu ili aondoke. Huyo wa mwisho maandishi humpa muda wa kuwaza.

Njia ya nne: kufundisha wote bila kumtaja

*Inavyofanyika.* Mchungaji au kiongozi anachukua somo lenyewe na kulifundisha lote kwa kina. Kwa kesi yetu angefundisha mateso ya mwenye haki: Ayubu, Habakuki, na Mathayo 5:45, Mungu anayewanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Yapite majuma mawili au matatu kutoka siku ya tukio, na mifano isifanane nalo. Ukisema "kuna watu siku hizi wanafundisha kwamba shamba likikauka..." umemtaja, umebakiza namba ya simu tu.

*Siri na nafasi ya kujieleza.* Siri ipo ikiwa kweli hakuna anayejua. Nafasi ya kujieleza haipo kabisa. Mtu hawezi kunyoosha mkono katikati ya mahubiri akasema "mimi sikumaanisha hivyo."

*Panapoharibika.* Mimbari inakuwa mahali pa kurushia jiwe gizani. Anayelengwa anajua, jirani zake wanajua, waliobaki wanageuza shingo kumtafuta. Au kinyume chake: mkosaji anaitikia "Amina!" kwa nguvu kuliko wote, akidhani anasemwa mwingine. Wanaopenda njia hii humtaja nabii Nathani na kisa chake cha mwana-kondoo wa maskini. Wanasahau kwamba Nathani alimwendea Daudi mwenyewe, na baada ya kisa alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Hata hivyo tusiidharau. Yule bibi wa mkeka wa mbele hatafikiwa na mazungumzo ya faragha ya watu wengine wawili. Alidungwa hadharani, na anahitaji kusikia hadharani kwamba Mungu hajamwita mwizi. Paulo alimpinga Petro mbele ya wote kule Antiokia kwa sababu Wayahudi wengine, hata Barnaba, walikuwa wamekwisha kuvutwa (Wagalatia 2:11-14).

*Kinachobaki.* Kanisa zima linabaki na fundisho, mhusika anabaki peke yake. *Inafaa* kosa lililoenea, si la mtu mmoja, na hufaa sana ikifuata njia ya kwanza.

Sasa ya kwako ni ipi?

Kama ni kosa la kutojua lililosemwa mbele ya watu, kama lile la Chamwino, anza na faragha, kisha mwombe mwenyewe alirekebishe kikao kinachofuata: "Alhamisi iliyopita nilisema hivi, nimesoma tena, naomba tuongeze Habakuki." Hiyo humponya bibi na humjenga kijana kwa mara moja. Waumini waliolelewa na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki wana desturi ya kuwekana nuruni, yaani kuungama na kuonyana waziwazi, na kwao hilo si aibu. Kwa wengine itachukua muda. Usimlazimishe, mpe zamu ya somo hilo.

Kama aliyekosa ni mkubwa wako kwa umri au cheo, na huna mazoea naye, mpitie wa katikati. Kama una mazoea naye, nenda mwenyewe na swali lako moja, ukae kwenye kigoda cha chini kuliko chake.

Kama yuko mbali, tumia simu kupanga kukutana. Safari isipowezekana kwa miezi, mpigie badala ya kuandika.

Kama umekwisha kumwambia mara mbili na anaendelea, usiende ya tatu peke yako. Chukua mmoja au wawili anaowaamini yeye, kama Mathayo 18:16 inavyotaka, na muwe na tarehe za mara zile mbili.

Kama neno lake linaweza kuumiza kabla ya kesho, mfano amewaambia wagonjwa wa presha waache vidonge kwa imani, usingoje faragha. Sema palepale, kwa sauti ya kawaida: "Samahani mtumishi, kwa leo naomba mtu asiache dawa hadi aongee na daktari; mengine tutayatazama pamoja." Sentensi hiyo moja tu, kisha ukae. Faragha itafuata jioni hiyohiyo, nayo ianze na wewe kumwomba radhi kwa kumkatiza.

Na kama umekwisha kuharibu, ulimsema vibaya kwenye kundi la simu la kwaya na watu arobaini wakaona, usimwombe msamaha pembeni. Rudi kwenye kundi lilelile, andika mistari miwili bila neno "lakini", kisha funga safari hadi kwake.